Hoki ya uwanja wa wazi: joto linasingiziwa

Kila NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, inapotangaza mechi ya nje, mashabiki hugawanyika kambi mbili kabla hata tiketi hazijaanza kuuzwa. (Nje hapa si ugenini. Ni hoki ya barafuni inayochezwa kwenye uwanja usio na paa, wa besiboli au wa futiboli ya Kimarekani.) Kambi ya kwanza huuliza: kwa nini Chicago tena? Ya pili huuliza: kwa nini mji wa joto? Hawa wanagombania soko, wale wanagombania hali ya hewa, na kila upande unaona ugomvi wa mwenzake ni mwingine kabisa.

Ni ugomvi mmoja. Kinachoharibu barafu mara nyingi si mji uliochaguliwa bali saa iliyochaguliwa, na saa haichaguliwi na fundi wa barafu. Inachaguliwa na runinga.

Kabla ya kurushiana maneno, tushuke kwenye barafu yenyewe.

Ligi ina trela la futi 53, karibu mita 16, lenye mtambo wa kupozea wa tani 300. Tani hizo si uzito. Ni kipimo cha mafundi wa majokofu tangu enzi za barafu ya kuuzwa kwa vipande: tani moja ni kasi ya kuondoa joto inayotosha kugandisha tani moja ya Kimarekani ya maji kwa siku nzima, sawa na kilowati 3.5. Trela zima basi linaweza kufyonza kilowati 1,050 hivi. Huegeshwa pembeni ya uwanja, na mabomba hupeleka glikoli, kimiminika kisichoganda kwenye baridi hiyo, hadi chini ya barafu. Lita kama 11,000 huzunguka bila kupumzika: inakwenda ikiwa baridi, inarudi imebeba joto, inapozwa, inakwenda tena. Ni friji, ila friji ambayo mlango wake haufungwi.

Ujenzi huchukua wiki na zaidi. Nyasi hufunikwa kwanza kwa vipande vya plastiki vinavyoshikana, ili uzito usambae na nyasi zisisagike. Juu yake hupangwa plaiwudi, na hapo ndipo muda unapoliwa kuliko shabiki anavyodhani, kwa sababu uwanja wa michezo hauko bapa. Wa futiboli huinuka katikati ili maji ya mvua yakimbilie pembeni. Wa besiboli una mteremko wake kuzunguka kilima cha mrushaji. Ukimwaga maji kwenye sakafu iliyoinama, utapata barafu ya sentimita 3 upande mmoja na sentimita 7 upande wa pili, na hizo mbili hazipoi kwa kasi moja. Kwa hiyo kila kona hupimwa na kuchomekewa vibao mpaka eneo lote la mita 61 kwa 26 liwe sawa. Ndipo zinalazwa trei za alumini ambazo glikoli hupita ndani yake, halafu mbao za ukingoni na vioo.

Maji nayo hayamwagwi kwa pupa. Hupulizwa kama ukungu, safu nyembamba juu ya safu, kila moja ikiachwa igande kabla ya inayofuata. Ukimwaga mengi kwa mara moja, hewa hunaswa ndani na barafu hutoka na mapovu, ikimeguka chini ya kiatu. Unene ukianza kupatikana hupakwa rangi nyeupe, maana barafu tupu haina rangi na ungeona alumini. Inafuata mistari ya buluu na nyekundu, nembo za wadhamini, kisha safu nyingine za maji juu yake hadi unene ufike sentimita 5. Ndani ya ukumbi sentimita 3 zinatosha. Kwa jumla ni lita 75,000 hivi za maji.

Sentimita zile 2 za ziada ni akiba ya kukabili jua na mvua. Lakini akiba hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo wabishani wengi hawaijui.

Fanya hesabu ndogo. Gawanya kilowati 1,050 kwa eneo la barafu, mita za mraba 1,560 hivi: unapata wati 670 kwa kila mita ya mraba. Jua la adhuhuri kwenye anga safi la Marekani, kama latitudo ya 40, humwaga wati 400 hivi mwanzoni mwa Januari, na hufikia 600 mwishoni mwa Februari. Kwa haraka utasema trela linashinda. Tatizo ni kwamba joto huingilia juu, lakini huchukuliwa chini, na katikati kuna sentimita 5 za barafu ambazo lazima lizipenye. Ili wati 100 zipite kwenye unene huo, upande wa chini lazima uwe baridi kuliko wa juu kwa nyuzi 2.3 hivi. Sehemu nyeupe hurudisha mwanga mwingi. Tuseme inabakiwa na wati 150, basi tofauti ya nyuzi 3 na nusu inatosha. Mstari wa buluu au nembo nyeusi ya mdhamini hunywa karibu mwanga wote. Wati 500 zinadai tofauti ya nyuzi 11 na ushee.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya fundi. Uso wa barafu unaotakiwa ni nyuzi -5.5. Ili mstari wa buluu ubaki hapo chini ya jua kali, glikoli iwe -17. Ukishusha hivyo, sehemu nyeupe za jirani zinakuwa ngumu na kavu, zinapasuka vipande kila mchezaji anapofunga breki. Ukiacha ilivyokuwa, mstari unalainika, kiatu kinazama, shimo linafunguka. Hakuna namba moja ya kuweka kwenye mtambo inayozifaa sehemu zote mbili. Na kadiri barafu ilivyo nene, ndivyo fundi anavyochelewa kuona matokeo ya alichokifanya. Vihisi vilivyogandishwa ndani ya barafu humpa taarifa kila wakati, lakini taarifa haipunguzi jua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Lake Tahoe, Februari 20, 2021. Colorado Avalanche na Vegas Golden Knights walipangiwa kucheza kwenye uwanja wa gofu ufukweni mwa ziwa, bila mashabiki kwa sababu ya korona, kuanzia saa 6 mchana kwa saa za pale. Milima ya theluji, ziwa, anga ya buluu isiyo na doa: kwa kamera, pepo. Kwa barafu, maafa. Eneo liko mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na mawingu yaliyotegemewa hayakutokea. Wachezaji na waamuzi walianza kujikwaa kwenye mashimo. Kipindi cha kwanza kilipoisha, mechi ikasimamishwa, ikaendelea saa 3 usiku, baada ya kusubiri saa 8 na dakika 2. Kwa watazamaji wa New York ilikuwa saa 6 usiku. Colorado wakashinda 3-2. Siku ya pili Boston na Philadelphia walisogezwa hadi saa 10:30 jioni, jua likiwa limeshuka, wakacheza mpaka mwisho, Boston 7-3.

Zingatia: trela ni lilelile, mafundi walewale, barafu ileile. Kilichobadilika ni saa tu.

Sasa linganisha na Los Angeles, Januari 25, 2014. Dodger Stadium, Ducks na Kings, mashabiki 54,099, na joto la hewa wakati wa kuanza lilikuwa nyuzi 17 hivi. Kabla ya mechi hiyo kambi ya hali ya hewa ilicheka sana: barafu California! Mchana barafu ilifunikwa kwa mablanketi yanayorudisha mwanga, yakafunuliwa jua lilipoondoka, mechi ikachezwa usiku. Ducks walishinda 3-0 na barafu ikasimama imara. Hewa ya nyuzi 17 iliyotulia hupeleka joto dogo kwenye barafu ukilinganisha na jua la adhuhuri, na usiku wenye anga kavu isiyo na mawingu barafu yenyewe hupoteza joto kwenda juu. Anga linamsaidia fundi.

Aliyewahi kupita Barabara ya Mombasa jijini Nairobi anajua kwamba kuliwekwa barafu ndani ya hoteli ya Panari mwaka 2005, na Kenya Ice Lions wamejifunzia hapo hapo, si mbali na ikweta. Ukiondoa jua, barafu ni suala la umeme tu.

Kinachostahili kuogopwa kwenye miji ya kusini kuliko joto ni unyevu. Hewa yenye mvuke mwingi ikigusa uso wa nyuzi -5, mvuke huganda hapo hapo kama utando mweupe, na kila gramu inayoganda huacha joto lake kwenye barafu. Kisahani, kile cha mpira kinachopigwa kwa fimbo, kinaanza kukokota. Ukungu unaweza kupanda hadi magotini. California ni kavu, Florida sivyo, na hapo kambi ya hali ya hewa ina hoja ya kweli. Bahati mbaya huwa wanaitaja thermometa badala ya kuitaja hiyo. Ligi ilipoamua kwenda Florida mwaka 2026, ilichagua kuanzia Miami Januari 2, kwenye uwanja wa besiboli wenye paa linalofungwa, ambako hewa inaweza kukaushwa na kupozwa kabla. Miami na Tampa, iliyofuata Februari 1, zote zilipangiwa jioni. Somo la Tahoe lilieleweka.

Mvua ni mjadala mwingine, na hapo pia watu hukosea. Wanadhani mvua huyeyusha barafu. Milimita 1 ya mvua ya nyuzi 10 kwa saa nzima huleta kama wati 100 kwa mita ya mraba, na sehemu kubwa ya hizo hutokana na kuganda kwake, si uvuguvugu wake. Trela halitishiki. Madhara ya mvua ni umbo: kila tone hugandia lilipoangukia na kuacha kipele, na baada ya robo saa uso ni kama ngozi ya fenesi. Kisahani kinarukaruka. Mvua ikizidi kasi ya kuganda, maji husimama juu na kisahani kinaishia kwenye dimbwi. Dawa ni mafagio ya mpira ya kusukumia maji na kupitisha Zamboni, mashine ya kusawazisha barafu, bila kumwaga maji mapya, ikwangue tu. Philadelphia walicheza na Pittsburgh namna hiyo Februari 23, 2019, mvua ikiwanyeshea, wakashinda 4-3 kwenye muda wa nyongeza mbele ya watu 69,620. Haikuwa hoki safi, lakini waliokuwepo hawakudai hela zao.

Vancouver, Machi 2014, mvua ilipotabiriwa walifunga paa la BC Place. Mashabiki waliuliza, kwa haki kabisa: nje gani hii?

Baridi kali haisumbui barafu kama watu wanavyofikiri, inasumbua watu. Edmonton, Novemba 22, 2003, mechi ya kwanza ya ligi ya nje inayohesabika kwenye msimamo, ilikuwa nyuzi -18. Kipa wa Montreal José Théodore alivaa kofia ya sufi juu ya barakoa yake, na barafu ilimeguka kwa ugumu. Tangu hapo mtambo umeongezewa kifaa cha kupasha glikoli moto. Ndiyo, kuna siku trela la kupozea hufanya kazi ya kupasha. Minneapolis, Januari 1, 2022, nyuzi zilifika -21, na kazi kubwa ilikuwa kuzuia barafu isishuke kupita kiasi. St. Louis walifika uwanjani wamevaa kama watu wa ufukweni, wakaondoka na ushindi wa 6-4.

Theluji hupendwa na kamera na hupunguza mwendo wa kisahani. Vijana wenye masepetu huingia kila mchezo unaposimama kwa matangazo. Kuhusu upepo, ligi ina utaratibu mzuri: katikati ya kipindi cha tatu mchezo husimama, timu zinabadilishana magoli, ili asiwepo anayepigwa na upepo au jua dakika zote 20 za mwisho.

Soko sasa.

Hawa wa "kwa nini Chicago tena" hawasemi uongo. Blackhawks wamecheza mechi 7 za nje kati ya 2009 na 2024, na wameshinda moja tu: Soldier Field, Machi 1, 2014, kwenye theluji, 5-1 dhidi ya Pittsburgh. Sita zote nyingine walipigwa. Pittsburgh na Philadelphia wamecheza 6 kila mmoja. Upande wa pili, Columbus walisubiri hadi Machi 1, 2025. Carolina hadi Februari 2023. Arizona Coyotes waliingia jangwani 1996, wakahama 2024, bila kuonja hata mechi moja ya nje.

Sababu si siri. Mwaka 2008, pale Buffalo, Sidney Crosby wa Pittsburgh alifunga penalti ya ushindi huku theluji ikidondoka mbele ya watu 71,217, na tangu siku ile ligi ilijua ina bidhaa ya Januari 1. Bidhaa ya runinga huhitaji sura ambayo mtu asiye shabiki anaitambua, kwenye mji wenye nyumba nyingi za kutazama. Chicago ni soko la tatu kwa ukubwa Marekani, ikachukua kombe 2010, 2013 na 2015, halafu 2023 ikampata kijana nyota Connor Bedard. Ungekuwa wewe unauza matangazo ungechagua nani?

Hilo pia linaeleza kwa nini Kanada, wenye mchezo, wamewekwa kando kwenye Winter Classic, ndiyo hiyo bidhaa ya Januari 1. Hadi toleo la 2026 ni Toronto (2014) na Montreal (2016) pekee walioalikwa. Kipimo cha watazamaji kinachomlipa mwenye kituo cha Marekani huhesabu nyumba za Marekani tu. Shabiki wa Toronto aliyekaa Toronto mbele ya skrini, kwenye hesabu hiyo, hayupo. Kanada wana mechi yao ya nje, Heritage Classic.

Lakini neno "soko" linabeba vitu viwili ambavyo mashabiki huvichanganya, na viongozi wa ligi huachia vichanganywe. Kuna soko la runinga na kuna soko la mlangoni. La mlangoni halifuati ukubwa wa jina hata kidogo. Linafuata ukubwa wa uwanja na upya wa tukio. Angalia: Columbus, timu ambayo hakuna anayeitaja akiulizwa timu kubwa, ilijaza watu 94,751 kwenye Ohio Stadium ikiwafunga Detroit 5-3. Dallas na Nashville, miji ya kusini isiyo na theluji ya maana, watu 85,630 kwenye Cotton Bowl mwaka 2020. Nashville wenyewe 2022, 68,619. Chicago kwao Wrigley Field, uwanja wa besiboli unaopendwa na kila mpiga picha, hauchukui sana zaidi ya 40,000. Rekodi ya ligi nzima ni Ann Arbor, Januari 1, 2014, watu 105,491 kwenye baridi na theluji, na siri yake ni kwamba Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja mkubwa kuliko yote Marekani na Toronto wako saa chache kwa gari.

Kwa hiyo mtu akikwambia timu ndogo haiuziki, muulize anauza nini na kwa nani. Tiketi za mara ya kwanza mjini huuzika popote. Mara ya tatu kwenye mji uleule ndiyo inayohitaji nyota.

Turudi kwenye saa. Winter Classic ilizaliwa kama kipindi cha mchana wa Januari 1, saa 7 kwa saa za mashariki mwa Marekani, familia ikiwa nyumbani imeshiba na imechoka. Ni saa nzuri ya runinga na saa mbaya ya barafu. Jua la Januari hukaa chini, hivyo licha ya kuchoma mistari huingia moja kwa moja machoni mwa kipa. Philadelphia 2012 mechi ilisogezwa kutoka saa 7 hadi saa 9. Yankee Stadium, Januari 26, 2014, Rangers na Devils walisubiri kama saa nzima jua lihame. Washington 2015 lilisumbua tena. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo ulio mji wa joto.

Na Pittsburgh, Januari 1, 2011? Pale mvua ndiyo iliyolazimisha. Mechi ya saa 7 mchana ikasogezwa hadi saa 2 usiku, Heinz Field, Crosby upande huu na Alexander Ovechkin, nyota wa Washington, upande ule. Ligi ilikuwa na hofu. Washington wakashinda 3-1, na watu kama milioni 4.5 wa Marekani walitazama, wengi kuliko toleo jingine lolote la Winter Classic. Hali mbaya ya hewa iliipa ligi saa ambayo isingeithubutu yenyewe.

Mwenye kutetea mchana atanijibu kwa mechi ya Wrigley, Desemba 31, 2024: ilianza saa 11 jioni kwa saa za mashariki, Bedard akiwemo, na watazamaji hawakufika milioni 1. Kweli. Ila ile ilikuwa kwenye TNT, kituo cha kulipia, wakati ya 2011 ilikuwa NBC inayopatikana bure. Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, watu wako barabarani. Na Chicago walikuwa wabovu, wakalimwa 6-2 na St. Louis. Walihamishiwa tarehe hiyo kwa sababu Januari 1 imechukuliwa na robo fainali za futiboli ya vyuo, ambazo hakuna hoki inayoweza kushindana nazo. Jina kubwa halikuwaokoa, na hilo kambi ya kwanza wangelikumbuka badala ya kulalamika tu.

Mimi ningepanga hivi: jioni baada ya jua kuzama, uwanja wa futiboli wa chuo, mji ambao haujawahi kupata, na mgeni mwenye nyota mmoja kwa ajili ya runinga. Mwenyeji alete watu, mgeni alete kamera. Columbus na Detroit walianza saa 12 jioni, na hakuna aliyezungumzia barafu siku ya pili. Kwa barafu, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Ukinunua tiketi, usianze na jina la timu. Anza na saa ya kuanza. Ikiwa ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, panga siku nzima, maana inaweza kusogezwa mbele siku yenyewe, na usikate tiketi ya ndege ya jioni hiyo. Tazama barafu imelazwa kuelekea wapi: urefu ukielekea mashariki na magharibi, kipa mmoja atakuwa na jua usoni mchana mzima, na magoli mengi yataingia upande wake.

Kuhusu kiti, kanuni ya ukumbini hugeuka chini juu. Ukumbini safu za mbele ndizo ghali na ndizo nzuri. Nje, barafu iko katikati ya uwanja uliojengwa kwa mchezo mpana zaidi, mita nyingi kutoka kwenye kiti cha kwanza, na karibu yote iko usawa wa macho yako. Ukikaa safu ya tano utaona mbao, vioo vinavyong'aa na vichwa vinavyopita. Panda ghorofa ya pili, upande wa katikati, hata kama ni nafuu kwa nusu. Kisahani kina upana wa sentimita 7.6 tu, kutoka juu utakiona cheusi juu ya cheupe, kutoka chini utakuwa unaangalia skrini kubwa kama aliyebaki nyumbani.